Peke Yake katika Nchi ya Malale

Katika kila zama watu wamependa kusikia habari za msafiri aliyetoka kwao peke yake, akaingia nchi asiyoijua, akalala porini, akarudi salama. Zamani msafiri huyo alikwenda kwa miguu. Baadaye alipanda baiskeli. Na tangu karne ya 20 amekuwa akipanda pikipiki. Mwaka 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki yenye kigari ubavuni, wakalikata jangwa la Sahara, na mwaka uliofuata wakaingia Cape Town. Mwaka 1973 mwandishi wa habari mmoja wa Uingereza, Ted Simon, aliondoka peke yake juu ya pikipiki ya Triumph. Aliipita Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, Kenya ikiwa njiani mwake, kisha akaendelea Amerika ya Kusini, Australia na Asia, asirudi kwao mpaka mwaka 1977.

Siku hizi si lazima tumtafute msafiri wa namna hiyo ng'ambo. Tangu Serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, chombo hiki kimeenea hata katika vijiji ambavyo gari huonekana kwa nadra. Kijana mwenye hema, blanketi, sufuria na dumu la maji aweza kufunga mzigo wake asubuhi na kulala porini usiku uo huo.

Safari hizo ni njema, na wahenga walisema kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo msafiri hupenda kujisifia arudipo: kwamba alikuwa peke yake, na kwamba nchi aliyoipita ilikuwa tupu. Mwanafunzi wa historia hapaswi kuyapokea maneno hayo kabla ya kuyachunguza. Peke yake, maana yake bila nani? Tupu, tangu lini, na kwa sababu gani? Katika insha hii nitauliza maswali hayo katika sehemu moja tu ya nchi yetu, nayo ni ile inayoanzia Sindo, kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, ikashuka kusini mpaka Migori, na kurudi kwa njia ya Bonde la Lambwe.

Sindo ni mji mdogo wa wavuvi na wafanya biashara. Omena huanikwa juani karibu na maji, na mitumbwi hutoka na kurudi kama inavyofanya katika kila kituo cha pwani hii. Mbele ya mji ni ziwa. Nyuma yake nchi huinuka kuelekea vilima vya Gwassi. Msafiri wa pikipiki akiondoka hapo hushika njia ya Magunga, akivizunguka vilima hivyo, kisha huteremka mpaka Sori kwenye ghuba ya Karungu. Kutoka Sori huliacha ziwa, akaingia bara upande wa Migori mpaka kwenye maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga. Hatimaye hugeuka kaskazini, akapita Ndhiwa, na kufika kwenye ukingo mrefu wa Kanyamwa, ambapo Bonde la Lambwe huonekana lote chini yake. Akilivuka bonde hilo, yuko karibu kufika Sindo tena.

Mimi mwenyewe nimeizunguka njia hiyo wakati wa likizo za shule, nikilala katika hema. Ziko sehemu zake ambazo mtu hupita kitambo kirefu asione nyumba, asisikie jogoo, wala asikutane na mtu ila mchungaji mmoja na ng'ombe wake. Msafiri akizima injini, kimya cha nchi humjia mara moja. Ni rahisi hapo kujidhania kuwa mtu wa kwanza kufika.

Lakini wa kwanza kufika ni nani? Katika kisiwa cha Mfangano, kinachoonekana kutoka pwani hii, kuna michoro ya rangi juu ya miamba, mviringo ndani ya mviringo, iliyochorwa na watu waliowinda na kuokota matunda kabla ya wakulima na wafugaji kufika. Baada yao walikuja Abasuba, ambao masimulizi yao yasema kwamba babu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, yapata karne ya 18, wakikimbia fitina na vita vya watawala. Walikaa Rusinga na Mfangano, na wengine wakapanda Gwassi na Kaksingri. Waliishi jirani na Wajaluo, wakaoana nao, na kidogo kidogo wengi wao wakaiacha lugha yao ya Olusuba na kusema Dholuo. Hivyo hata kabla ya kufika Magunga, msafiri amekwisha kupita katika nchi ya mataifa matatu.

Sasa na tufike Karungu, kwa maana hapo ndipo neno "peke yake" lilipoandikwa katika kitabu.

Mwaka 1909 ilionekana Karungu mifupa ya kale iliyogeuka kuwa mawe. Ofisa mmoja wa utawala wa Kiingereza, Pigott, aliikusanya baadhi yake. Ofisa huyo aliuawa na mamba, lakini mifupa ilipelekwa London na mtawala mwenziwe, C. W. Hobley. Wataalamu walipoichunguza waliona kwamba miongoni mwake mlikuwa na utaya wa mnyama wa jamii ya tembo, ambaye pembe zake zilitoka katika utaya wa chini na kupinda kuelekea ardhini. Mwaka 1911 mnyama huyo alipewa jina la Dinotherium hobleyi, kwa heshima ya Hobley. Leo twajua kwamba wanyama wa Karungu waliishi yapata miaka milioni 17 iliyopita.

Mwaka uo huo wa 1911 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilimtuma mtaalamu wa miamba, Felix Oswald, aende Karungu akachimbe zaidi. Oswald alikuwa mtu hodari na mwenye bidii, ambaye hapo kabla alikuwa ameandika juu ya miamba ya Armenia. Alifika, akapiga hema lake, akachimba, akachora ramani ya miamba ya nchi iliyo kati ya ziwa na milima ya Kisii, na akarudi na mifupa mingi. Mwaka 1915 alichapisha habari za safari yake katika kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Peke Yangu katika Nchi ya Malale".

Tulitazame jina hilo kwa makini. Wakati ule hapakuwa na barabara ya gari kutoka ziwani kwenda milimani. Hema, kitanda, masanduku ya chakula, sururu na sepetu, na mwishowe mawe yenyewe yenye mifupa, havikuweza kutembea ila juu ya vichwa vya watu. Mzigo wa mpagazi katika Afrika ya Mashariki ulikuwa aghalabu ratili 60 hivi, yaani kilo 27. Mtu aliyejitwika mzigo huo alikuwa na jina, na mama, na mji wake. Alijua mto upi una mamba na kijiji kipi kina mtama wa kuuza. Mzungu aliposema "peke yangu" alikuwa na maana kwamba hapakuwa na Mzungu mwingine karibu naye. Simtaji Oswald ili nimshtaki, kwa kuwa hiyo ilikuwa desturi ya waandishi wengi wa safari wa siku zake, na kazi yake juu ya miamba ilifungua mlango wa elimu ambao wengine waliupitia baadaye. Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul huko Rusinga mwaka 1948, alikuwa akifuata njia iliyokwisha kuanzwa. Namtaja kwa sababu neno moja dogo laweza kuwafuta watu wengi katika historia, na asomaye haraka hataona kwamba kuna kitu kilichofutwa.

Sehemu ya pili ya jina la kitabu ndiyo nzito zaidi. Kwa nini nchi hii iliitwa nchi ya malale?

Ugonjwa wa malale huletwa na vimelea vidogo sana, visivyoonekana bila hadubini, ambavyo huingia katika damu ya mtu aumwapo na mbung'o. Mgonjwa huanza kwa homa na kuumwa kichwa. Vimelea vikifika katika ubongo, hubadilika tabia, husinzia mchana na kukesha usiku, hukonda, na asipotibiwa hufa. Mbung'o wa pwani ya ziwa hukaa katika kivuli cha vichaka vilivyo karibu na maji. Kwa hiyo aliowauma kwanza ni mvuvi anayevuta nyavu, mama anayeteka maji, na mtoto anayeoga. Mahali palipowapa watu chakula ndipo palipowapa mauti.

Karibu na mwaka 1900 ugonjwa huo ulizuka kando ya ziwa katika Busoga na Buganda, ukaenea upesi. Yakadiriwa kwamba katika miaka 20 uliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda peke yake. Mwaka 1903 daktari David Bruce, akifanya kazi Entebbe, alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeuchukua. Kwa kuwa haikuwapo dawa ya kutegemewa, Gavana Hesketh Bell aliamuru, tangu mwaka 1906, watu waondolewe pwani ya ziwa, na hatimaye visiwa vya Sese navyo vikahamwa. Nyumba ziliachwa, mashamba ya ndizi yakageuka mwitu. Ugonjwa haukuujua mpaka uliochorwa na watawala kati ya Uganda na nchi iliyoitwa wakati ule Himaya ya Afrika Mashariki. Ulishuka pwani yote mpaka Kavirondo Kusini, ndiyo nchi yetu hii ya Gwassi, Kaksingri na Karungu. Wengi walikufa, waliobaki wengi wao walikimbilia mahali pa juu. Oswald alifika miaka michache tu baada ya pigo hilo. Aliyoyaona kuwa mapori yalikuwa, katika sehemu nyingi, miji ya watu iliyofungwa na msiba.

Wala malale hayakuwa pigo la kwanza. Katika miaka ya 1890 sotoka ya ng'ombe ilienea Afrika ya Mashariki na kuua mifugo bila hesabu. Mtaalamu mmoja aliyewachunguza mbung'o kwa miaka mingi, John Ford, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 jinsi mambo haya yanavyofuatana. Ng'ombe wakiisha, malisho hayaliwi, na vichaka huota. Watu wakipungua, hawapo wa kufyeka wala kuchoma nyasi kwa wakati wake. Vichaka vikizidi, wanyama wa mwitu huongezeka, na mbung'o hupata kivuli na damu. Mbung'o wakizidi, ng'ombe hawawezi kurudi. Hivyo pori laweza kuwa changa kuliko mzee wa kijiji, ingawa mgeni hulitazama na kulidhani limekuwapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Nilijifunza jambo hili kwa macho yangu karibu na Magunga. Jua lilikuwa likichwa, nami niliona uwanda wa vichaka usio na nyumba, nikaona panafaa kupiga hema. Kwa kuwa si adabu kulala katika nchi ya watu bila kubisha hodi, nilikwenda kwanza kwenye mji uliokuwa karibu, nikamsalimu mzee mwenye mji na kumweleza haja yangu. Hakunikatalia. Alichukua fimbo yake akanifuata mpaka pale nilipoegesha pikipiki.

"Mwalimu," akasema, "piga hema upande huu. Kule penye minyaa usiwashe moto, kuna makaburi."

Nilitazama, nikaona kwamba minyaa ile, ambayo mwanzo niliidhania imejiotea tu, ilikuwa imepangwa mduara, kama ua wa mji. Mzee alisukuma nyasi kwa fimbo, akanionyesha jiwe la kusagia mtama lililoliwa katikati kwa kazi ya mikono mingi, na vigae vya vyungu.

"Hii kwetu huitwa gunda," akasema, "mahali palipokuwa na mji."

"Wenyewe walikwenda wapi, Jaduong'?"

"Wengine malale yaliwamaliza. Wengine walipanda mlimani, wengine walivuka ziwa. Wajukuu wa wengine ndio sisi."

Tangu usiku ule siwezi kupita njia hiyo bila kutafuta minyaa iliyopangwa mduara, nayo ni mingi. Nawashauri wanafunzi wajizoeze kuitafuta, kila mmoja katika wilaya yake. Historia ya watu wetu haikuandikwa yote katika karatasi. Sehemu yake imeandikwa kwa miti iliyopandwa, kwa mawe ya kusagia, kwa vigae na majina ya mahali. Na msafiri wa pikipiki, kwa kuwa hupita polepole na husimama apendapo, ana nafasi ya kuisoma kuliko mtu aliye ndani ya basi.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote katika njia hii uko Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori. Katika Dholuo jina hilo lahusu msitu mnene wa kutisha na boma lililo ndani yake. Hapo zimesimama kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala chokaa, jiwe juu ya jiwe, kwenda juu kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa mita 1 hivi. Milango yake ni mifupi, hata aingiaye hulazimika kuinama, na aliyeinama hawezi kupigana. Ndani mna mazizi ya ng'ombe na nafasi za nyumba. Yaaminiwa kwamba maboma hayo yalianza kujengwa yapata karne ya 16, na watu wa makabila mbalimbali walikaa humo kwa zamu, kila kundi likitengeneza kuta zilizoachwa na lililotangulia. Maboma ya namna hiyo katika nchi hii ya ziwa ni mamia. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliiandika Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia. Basi katika msitu ule ule ambao jina lake latisha, walikaa watu waliojua kujenga, kufuga, kulinda mali yao na kupokezana nyumba.

Kutoka hapo msafiri hupanda kaskazini mpaka Kanyamwa, nchi ya Gor Mahia, mtawala na mganga aliyevuma sana, ambaye jina lake lilipewa timu ya kandanda iliyoanzishwa mwaka 1968. Akisimama ukingoni huliona Bonde la Lambwe: majani marefu, migunga, na vichaka vyeusi mabondeni. Mwaka 1966 sehemu ya bonde hili ilitengwa iwe hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120 hivi. Pikipiki kwa kawaida hubaki nje ya hifadhi zenye wanyama wakali, na aliye nayo hana budi kutafuta njia nyingine ya kuingia. Hata nje ya lango ana la kujihadhari. Mbung'o huvutwa na kitu kinachokwenda, na huipenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya kuwakamatia hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Msafiri aliyevaa koti jeusi na suruali ya buluu amejifanya mtego.

Mbung'o wa Lambwe si yule wa pwani. Yeye hukaa katika vichaka vya bara, na vimelea anavyovichukua hujificha katika miili ya pongo na ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka tena katika bonde hili. Safari hii wataalamu walikuwa karibu. Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, alikuwa ameanzisha mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu, ICIPE, nacho kilijenga tawi Mbita, si mbali na Sindo. Mitego ya vitambaa, dawa, uchunguzi wa damu na bidii ya wanakijiji vilifanya kazi pamoja. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa malale na kugunduliwa humu Kenya alikuwa wa mwaka 2009, na wawili wa mwisho waliogunduliwa ng'ambo baada ya kuzuru Maasai Mara walikuwa wa mwaka 2012. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma katika Kenya. Habari hiyo ilipita magazetini kwa siku chache. Ingestahili kusomwa kwa sauti mbele ya kila gunda.

Hapa ndipo historia inapotuwekea jambo gumu. Mbung'o yule yule aliyewafukuza watu na ng'ombe ndiye aliyelinda wanyama wa bonde. Mahali pasipoweza kulimwa wala kufugwa, wanyama walibaki. Miongoni mwao ni korongo, paa mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa rangi nyeusi na nyeupe, ambaye zamani alionekana katika sehemu nyingine za Kenya, na ambaye leo hana makao mengine katika nchi yetu ila Ruma. Sensa ya wanyama ya mwaka 2021 iliwahesabu korongo 15 tu. Katika majani hayo hayo hukaa kwa miezi kadhaa ya kila mwaka mbayuwayu wa buluu, ndege adimu sana, atokaye kusini ya Afrika. Na mwaka 2012 faru nao waliletwa humo.

Sasa mbung'o amepungua, na watu wamerudi. Mashamba yamefika mpakani mwa hifadhi. Aliye nje ya mpaka aweza kusema kwa haki: babu yangu alilala hapa kabla ya malale. Aliye ndani aweza kusema kwa haki pia: korongo hawa wakifa, hawatakuwapo wengine katika Kenya. Kama twasema kwamba Lambwe ilikuwa nchi tupu tangu asili, tumemdhulumu yule wa kwanza. Kama twasema kwamba ni shamba lililochelewa tu kulimwa, tumemdhulumu wa pili. Anayezijua habari zote mbili ndiye anayeweza kukaa katika baraza na kushauri njia ya haki: mipaka iheshimiwe, na jirani wa hifadhi apate faida yake kwa kazi, kwa maji, kwa shule, na kwa kuulizwa maoni yake kabla jambo halijakatwa.

Jambo hili halituhusu sisi peke yetu. Australia ina nchi kubwa ya bara, kavu na yenye watu wachache, ambayo wapanda pikipiki wa dunia nzima huenda kuilalia katika hema kwa sababu huidhania kuwa tupu. Wenyeji wake wa asili wamekaa humo zaidi ya miaka 50,000, na kila kilima na kila kisima kina jina na hadithi kwao. Walowezi wa Kiingereza waliihesabu ardhi hiyo kuwa haina mwenyewe, na sheria ikashikilia neno hilo mpaka mwaka 1992, wakati Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Eddie Mabo, ilipokubali kwamba wenyeji walikuwa na haki ya ardhi yao kabla ya mgeni kufika. Neno "tupu" lilichukua zaidi ya miaka 200 kusahihishwa.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukipata pikipiki na hema siku moja, nenda. Kagua breki na mnyororo, chukua maji ya kutosha, vaa nguo za rangi ya udongo, na mjulishe mtu wa nyumbani njia utakayoshika. Pita Sindo, Magunga, Karungu, Thimlich Ohinga na Lambwe, au ushike njia ya nchi yako mwenyewe. Kabla ya kupiga hema, bisha hodi katika mji ulio karibu na umwulize mzee jina la mahali hapo na habari za waliokaa hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji hupona pia kwa kuulizwa anayoyajua. Kisha uandike majibu yake katika daftari, pamoja na jina lake, na siku ile, na mahali, ili atakayeisoma safari yako baadaye ajue ulikuwa pamoja na nani.